Christiaan Huygens: Mashua, Matufe na Hesabu Iliyokaa Sandukuni

Sifa za wakubwa wa elimu ya maumbile zimegawanywa kama pilau ya arusi yenye watu wengi: waliokaa karibu na mlango wa jikoni wameletewa sinia iliyojaa nyama, na waliokaa mbali wamepata ukoko. Newton anajulikana na kila mtoto wa skuli, na Galileo kadhalika. Lakini mtaje Christiaan Huygens barazani, utaona watu wanaulizana ni nani huyo. Na ajabu ni kuwa Newton mwenyewe alimtaja kwa heshima katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1687, na kila saa ya ukutani yenye kining'inio kinachobembea ni kazi ya mkono wa Mholanzi huyu.

Jina lake Waingereza hulivunja wanapolitamka. Mtu wa pwani aliyepita chuoni hana taabu nalo, kwani ile g ya Kiholanzi hutoka kooni, karibu na mahali itokapo khaa yetu.

Mengi yanaweza kuelezwa juu ya mtu huyu. Mimi leo nimechagua moja ambalo watu hulipita haraka, nalo ni migongano. Vitu viwili vikigongana, ni kitu gani kinachobaki vile vile, na ni kitu gani kinachopotea? Suala lenyewe laonekana la kitoto, na kweli watoto wanaocheza gololi uani hulijibu kila siku kwa vidole vyao. Lakini wanazuoni wa Ulaya walilikosea, na aliyelisahihisha alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye baada ya kulisahihisha aliliweka jawabu lake sandukuni kwa miaka mingi. Hapo ndipo ilipo hadithi yake.

Alizaliwa The Hague tarehe 14 Aprili, 1629. Baba yake, Constantijn Huygens, alikuwa katibu wa watawala wa nyumba ya Orange, mwanadiplomasia, mpenzi wa muziki, na zaidi ya yote mshairi mkubwa wa lugha ya Kiholanzi. Nami niliyeishi kwa kupanga vina na mizani naona si bure mwana wa mshairi akawa mtu wa vipimo. Mama yake, Suzanna van Baerle, alifariki mwaka 1637, mtoto akiwa na miaka minane tu. Watoto walisomeshwa nyumbani na walimu walioletwa na baba: lugha, muziki, hesabu, na kazi za mikono. Christiaan alipenda kutengeneza vyombo, na baba yake akamlaqabu Archimedes.

Katika rafiki za baba alikuwamo René Descartes, Mfaransa aliyekuwa akiishi Uholanzi, ambaye wakati ule neno lake katika falsafa lilikuwa kama fatwa. Mwaka 1644 Descartes alitoa kitabu cha misingi ya falsafa, na kijana Christiaan akakisoma akiwa na miaka 15 au 16. Uzeeni alikumbuka kwamba aliposoma mara ya kwanza aliona kila kitu kimekaa sawa, na kila alipokwama alidhani ni ufahamu wake mwenyewe uliokuwa mfupi. Kila aliyewahi kukaa mbele ya mwalimu mkubwa anaijua hali hiyo.

Mwaka 1645 alipelekwa Chuo Kikuu cha Leiden kusoma sheria, na huko akafundishwa hesabu na Frans van Schooten, mfuasi mkubwa wa Descartes. Baadaye akahamia Breda mpaka 1649. Sheria hakuifanyia kazi hata siku moja.

Sasa tutazame Descartes alifundisha nini. Alisema kwamba Mungu alipoumba ulimwengu alitia ndani yake kiasi maalumu cha mwendo, na kwa kuwa Yeye habadiliki, kiasi hicho nacho hakiongezeki wala hakipungui. Vitu vikigongana, mwendo hutoka kwa kimoja ukaingia kwa chengine, lakini jumla yake ni ile ile. Wazo hili ni zuri, na kwa msomaji Muislamu si geni, kwani Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwisha andika kwamba kitu kilichotupwa hupewa mwelekeo ambao usingelikwisha wenyewe lau hapakuwa na kitu cha kuupinga. Kasoro ya Descartes ilikuwa katika kipimo. Yeye alipima mwendo kwa kuzidisha ukubwa wa kitu kwa kasi yake, basi, bila kuuliza kinakwenda upande gani. Kwenda Nyali na kutoka Nyali kwake vilikuwa hesabu moja.

Juu ya msingi huo alijenga kanuni saba za migongano. Ya nne ndiyo iliyokuwa na uajabu wake: kwamba kitu kidogo kikigonga kikubwa kilichotulia, hata kikija kwa kasi ya namna gani, hakiwezi kukisogeza, kitarudi nyuma kwa kasi yake ile ile, na kile kikubwa kitakaa kama kilivyokaa. Mtoto wa Mji wa Kale aliyewahi kurusha gololi ndogo ikagonga kubwa angelitikisa kichwa. Lakini tusimdhulumu Descartes. Alijua kwamba macho yanaona vingine, akajitetea kuwa kanuni zake ni za vitu vigumu kabisa, vilivyotengwa na kila kitu kinachovizunguka, na vitu kama hivyo hapa duniani havionekani. Hoja yenyewe ni hodari, kwani humnyima mshindani nafasi ya kuleta ushahidi.

Descartes alifariki Stockholm mwaka 1650. Miaka miwili baadaye Huygens, akiwa na umri wa miaka 23, alianza kuzipima kanuni zile moja moja, na mwaka 1654 alimwandikia mwalimu wake van Schooten kwamba, isipokuwa ile ya kwanza, anaziona zote zina makosa. Van Schooten hakupendezwa. Alijaribu kumvuta kijana aachane na shughuli hiyo. Fikirini mzigo uliokuwapo: mwalimu wa chuo ni mfuasi wa marehemu, na marehemu mwenyewe ni mtu aliyekula mezani kwa baba. Kumpinga ilikuwa kama kuvunja adabu ya nyumba mbili kwa pamoja.

Sisi wa pwani, tulio wengi wa madhehebu ya Shafi, jambo hili lisitushangaze. Imamu Shafi, Allah amrehemu, alikaa Madina akasoma kwa Imamu Malik, akamtukuza maisha yake yote, na juu ya hivyo akahitilafiana naye katika masala mengi na kuyaandika. Heshima ya mwalimu ni moja, na dalili ni nyengine. Huygens naye hakumtukana Descartes. Alichofanya ni kutafuta hoja ambayo hata mfuasi wa Descartes hawezi kuikwepa, na hoja hiyo akaipata ndani ya mashua.

Uholanzi ni nchi ya mifereji. Wakati ule watu walisafiri kwa mashua zilizovutwa na farasi aliyetembea ukingoni, na maji yalikuwa shwari hata abiria hakuhisi kuwa anakwenda. Huygens akasema tuwaze hivi. Mtu amesimama ndani ya mashua, ameshika nyuzi mbili, kila uzi una tufe gumu mwishoni, na matufe ni sawa kwa uzito. Anayaleta pamoja kwa kasi moja. Hapo hapana ubishi, na hata Descartes katika kanuni yake ya kwanza alikubali: yatagongana na kila moja litarudi lilikotoka kwa kasi ile ile. Sasa ukingoni amesimama mtu wa pili, naye ameshikana mikono na yule wa mashuani, hata nyuzi zile ni kama amezishika yeye pia. Mgongano ni mmoja, na mashahidi ni wawili.

Tuseme matufe yanaendewa kwa hatua 3 kila sekunde, na mashua nayo inakwenda hatua 3 kila sekunde. Tufe linaloelekea nyuma ya mashua, kwa mtu wa ukingoni, limetulia kabisa, kwani kasi yake na ya mashua zimefutana. Lile linaloelekea mbele analiona linakuja kwa hatua 6. Baada ya kugongana, yule wa mashuani anaona yamerudi kila moja na hatua zake 3. Lakini wa ukingoni anaona lililokuwa likija limesimama ghafla, na lililokuwa limetulia linakwenda kwa hatua 6. Yamebadilishana mwendo kama watu wanaobadilishana kofia. Hapakuhitajika jaribio jipya wala chombo cha ajabu. Ukikubali la mashuani, la ukingoni limekufunga.

Anayetaka kuhakikisha na apande feri ya Likoni siku ya bahari shwari akiwa na ubao wa keram. Kete zitagongana vile vile kama zinavyogongana barazani, feri ikiwa imefunga au inakwenda. Galileo alikwisha sema mfano wa hayo kuhusu merikebu. Lakini kuufanya ukweli huo kuwa chombo cha kutolea hesabu, ukipeleka mashua kwa kasi hii na kasi ile mpaka kila mgongano ugeuke kuwa mmoja na ule rahisi, hilo lilikuwa la Huygens.

Kwa matufe yasiyo sawa aliongeza msingi wa pili: kwamba vitu vikiachiwa wenyewe, kitovu cha uzito wao wote kwa pamoja hakiwezi kupanda juu zaidi ya pale kilipoanzia. Bembea haipandi juu kuliko ilipoachiliwa. Kutokana na haya mawili akatoa mambo ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa somo hili, na nitayaeleza kwa hesabu moja ndogo.

Chukua tufe la kilo 1 linalokwenda hatua 4 kwa sekunde, ligonge tufe la kilo 3 lililotulia. Matufe yawe magumu yenye kurudishana sawasawa, mgongano ambao tunaweza kuuita nyumbufu. Kwa Descartes, dogo hurudi na hatua zake 4 na kubwa halitikisiki. Kwa Huygens, dogo litarudi kwa hatua 2, na kubwa litakwenda mbele kwa hatua 2. Sasa pima. Kabla ya mgongano, uzito mara kasi ilikuwa 1 mara 4, yaani 4. Baada yake, ukihesabu bila ya kujali upande, dogo lina 2 na kubwa lina 6, jumla 8. Mwendo wa Descartes, ule aliosema haubadiliki milele, umezidi maradufu! Lakini ukihesabu mwendo wa kwenda kuwa faida na wa kurudi kuwa deni, utapata 6 kutoa 2, yaani 4 ile ile. Kiasi hiki chenye kujali upande ndicho wanachokiita momentamu, nacho hakipotei.

Kuna la pili lisilopotea. Chukua uzito, uzidishe kwa kasi, kisha uzidishe kwa kasi mara nyengine. Kabla: 1 mara 4 mara 4, ni 16. Baada: dogo lina 4, kubwa lina 12, jumla 16. Huygens aliithibitisha hii kwa kila jozi ya matufe magumu. Nusu ya kiasi hicho ndiyo nishati ya mwendo inayofundishwa leo. Na katika kitabu hicho hicho aliweka kanuni iliyopindua ile ya nne ya Descartes: kwamba kitu kikubwa namna yoyote husogezwa na kitu kidogo namna yoyote kikikigonga kwa kasi yoyote.

Kufikia mwaka 1656 risala yake juu ya migongano ilikuwa karibu tayari. Basi aifanye nini? Aliiweka.

Watu wameeleza sababu nyingi. Mimi naona mbili. Ya kwanza ni tabia yake. Alikuwa mtu asiyetoa kazi mpaka kila pembe imepigwa msasa, na tabia hiyo, ambayo washairi wengi tunaijua, huua kazi nyingi kuliko uvivu. Ya pili ni kwamba miaka ile mikono yake ilikuwa imejaa. Mwaka 1655, kwa darubini aliyoitengeneza na ndugu yake, aliona mwezi wa Zohali unaoitwa sasa Titan, na mwaka 1659 akaeleza kuwa kile kilichowababaisha watu pembeni mwa Zohali ni pete. (Chombo kilichopewa jina lake kilitua juu ya Titan tarehe 14 Januari, 2005.) Mwishoni mwa 1656 akabuni saa ya kining'inio, ambayo ilipunguza makosa ya saa kutoka kiasi cha dakika 15 kwa siku hadi kiasi cha sekunde 15, na thamani ya jambo hilo haina haja ya kuelezwa kwa watu wanaoadhini mara tano. Kisha akatumia miaka mingi akijaribu kuipeleka saa baharini ili manahodha wajue wamefika wapi mashariki au magharibi, kazi ambayo mawimbi hayakumkubalia.

Mwaka 1661 alikwenda London. Wataalamu wa huko walikuwa wakihangaika na matufe yaliyotundikwa, na wakampa mifano ya migongano ayapige hesabu. Aliitatua mbele yao, na hesabu zikaafikiana na walichokiona. Njia yake hakuwaonyesha. Mwaka 1663 walimfanya mmoja wao katika Jumuiya yao ya Kifalme, na mwaka 1666 akaitwa Paris kuwa katika waasisi wa Akademia ya Sayansi ya mfalme wa Ufaransa, akapewa makazi ndani ya maktaba ya mfalme.

Ndipo mwaka 1668 Jumuiya ya London ilipotaka jambo la migongano limalizwe. Iliwaomba watu watatu waandike: John Wallis, Christopher Wren, na Huygens. Wallis alileta yake mwezi wa Novemba, Wren akaleta yake Disemba, na ya Huygens ikapelekwa kutoka Paris mwanzo wa Januari 1669. Kanuni za Wren zilikuwa sawa na zake. Jarida la Jumuiya likachapisha ya Wallis na ya Wren, na ya Huygens likaiacha. Mtu aliyekuwa na jawabu kwa zaidi ya miaka kumi akajiona ametolewa safuni. Mwezi wa Machi alichapisha kanuni zake katika jarida la Paris, na baada ya malalamiko hayo London nao wakazitoa kwa Kilatini, pamoja na maelezo ya kutengeneza mambo. Hata hivyo alichotoa kilikuwa ni kanuni tupu. Mashua, mtu wa ukingoni, na ushahidi wote vilibaki sandukuni.

Katika watatu wale, Wallis ndiye aliyeshika upande wa pili wa suala, nao una faida kubwa. Yeye alieleza vitu visivyorudishana, vinavyogongana vikagandana, kama madonge mawili ya udongo mbichi. Tufe la kilo 3 likija kwa hatua 4, likagonga la kilo 1 lililotulia, na yote mawili yakanatana, yatakwenda kwa pamoja hatua 3. Momentamu ilikuwa 12, na kilo 4 mara hatua 3 ni 12. Haikupungua chochote. Lakini kile kiasi cha pili, cha kuzidisha kasi mara mbili, kilikuwa 48 na sasa ni 36. Robo nzima imetoweka. Yangelikuwa matufe magumu, kubwa lingelibaki na hatua 2, dogo lingeliruka kwa hatua 6, na 48 yote ingelikuwapo: 12 kwa kubwa na 36 kwa dogo.

Imekwenda wapi robo ile? Gottfried Leibniz, kijana wa Kijerumani aliyefika Paris mwaka 1672 na ambaye Huygens mwenyewe alimwelekeza katika hesabu, alisema haikupotea bali imeingia katika chembe ndogo ndogo za vitu vyenyewe. Wengi hawakumsadiki. Ilichukua mpaka karne ya 19, katika vipimo vya James Joule vya miaka ya 1840, ndipo ikadhihirika kwamba mwendo unaopotea hugeuka joto. Fundi anayepiga nyundo chuma anajua kuwa chuma kinapata moto hata bila ya makaa. Donge la udongo nalo, likijibamiza, hupata joto kidogo, na kiasi kingine kimetumika kulibonyeza umbo.

Vitu vingi viko baina ya tufe gumu na donge la udongo. Newton alivipima kwa matufe yaliyotundikwa, na katika kitabu chake cha 1687 akatoa matokeo: matufe ya sufi iliyobanwa huachana kwa kasi ambayo ni kiasi cha 5 juu ya 9 ya ile waliyokutana nayo, ya kioo kiasi cha 15 juu ya 16, na ya chuma cha pua karibu sawa kabisa. Momentamu, katika yote hayo, ilitoka kama ilivyoingia. Nani hajaona ile sanamu ya mezani ya matufe matano ya chuma yaliyotundikwa safu moja? Ukiinua mawili na kuyaachia, upande wa pili huruka mawili. Kwa nini lisiruke moja kwa kasi maradufu? Hesabu ya momentamu peke yake ingeliruhusu, kwani 2 mara 1 ni sawa na 1 mara 2. Inayokataa ni hesabu ya pili: mawili kwa kasi ya 1 yana 2, na moja kwa kasi ya 2 lina 4. Watu huiita sanamu hiyo kwa jina la Newton. Anayestahiki zaidi, kwa maoni yangu, ni Huygens, na baada yake Edme Mariotte, mwenzake wa Paris, aliyetoa kitabu cha migongano mwaka 1673 na kutumia matufe ya nyuzi. Huygens baadaye alilalamika kwamba Mariotte alichota kwake asimtaje. Anayeficha mzigo wake asishangae akiona wengine wanauza bidhaa kama hiyo sokoni.

Kuna jambo moja la miaka hiyo ambalo sitaki kulipita, kwani linatuhusu. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Misri karibu na mwaka 1040, alieleza kurudi kwa mwanga juu ya kioo kwa mfano wa tufe linalogonga kitu kigumu likaruka. Aliacha pia suala gumu: kioo kikiwa cha mviringo, na jicho likiwa hapa na taa pale, mwanga utagonga mahali gani hasa? Ni sawa na kuuliza, keram ikiwa ya duara, kete uipige wapi ukutani ili irudi kuipata nyengine. Kitabu chake kilichapishwa kwa Kilatini mwaka 1572, na Wazungu wakaliita suala hilo kwa jina lake, Alhazen. Baina ya 1669 na 1672 Huygens alilishughulikia akiandikiana na de Sluse, mwanahesabu wa Liège, na akatoa utatuzi ambao mpaka leo husifiwa kwa uzuri.

Afya yake ilikuwa dhaifu. Mwaka 1670 aliugua Paris hata akadhani ni ajali imefika, akaagiza karatasi zake ambazo hazijachapishwa zipelekwe kwa Jumuiya ya London. Ndio, wale wale waliomwacha mwaka uliotangulia. Alipona, mwaka 1673 akatoa kitabu chake kikubwa cha saa, kisha maradhi yakamrudia, na mwaka 1681 akarejea The Hague. Mlinzi wake Colbert alifariki 1683, na mwaka 1685 mfalme wa Ufaransa aliwaondolea Waprotestanti haki zao. Paris hakuiona tena kuwa ni makazi. Baba yake alifariki 1687, mzee wa miaka 90. Mwaka 1689 alikwenda Uingereza akaonana na Newton, na mwaka 1690 akatoa kitabu cha mwanga, alichokwisha kukiandika tangu zamani. Hakuoa. Alifariki The Hague tarehe 8 Julai, 1695.

Kwa wasia wake karatasi zilikwenda maktaba ya Leiden, na wataalamu wawili wakakabidhiwa kuzipitia. Mwaka 1703, miaka minane baada ya kufa kwake, risala ya migongano ilichapishwa kamili, na kichwani mwake ilichorwa mashua ukingoni, mtu ndani yake na mtu nchi kavu, wameshikana mikono na matufe mawili yananing'inia baina yao. Wakati huo kila aliyesoma elimu ya mwendo alikuwa amekwisha jifunza kanuni zile kwa Wren, kwa Wallis, kwa Mariotte, au kwa Newton. Baadaye Waholanzi walikusanya maandishi yake yote katika majuzuu 22, kazi iliyoanza 1888 ikamalizika 1950. Juzuu ya 16, iliyotoka mwaka 1929, ina risala ile pamoja na karatasi za mwanzo zilizoitangulia, na zimo zile za mwaka 1652.